Brashi ya mapambo imegoma? Anza na dalili, kosa utalikuta

Brashi ya mapambo ya kwenye kompyuta, iwe ua, jani, mmea wa kutambaa pembeni mwa kadi au nakshi ya kitenge, inafanya kazi ya muhuri wa ofisini. Muhuri hauna rangi yake. Rangi inatoka kwenye wino. Muhuri una ukubwa uliochongwa nao, na ukitaka kuulazimisha uwe mkubwa kuliko ulivyochongwa, unaharibu. Na muhuri mzima kabisa haugongi kitu kama umeugonga kwenye nailoni badala ya karatasi. Anayetengeneza kadi za mchango, kadi za mwaliko, vyeti vya mahafali au picha za harusi pale Mwanga au Ujiji, Kigoma, akilishika hilo, atajua pa kuanzia kila brashi inapomgomea, badala ya kufuta programu na kuiweka upya huku mteja amekaa kwenye benchi.

Maelezo haya yanafuata Photoshop, programu ya kuhariri picha, kwa kuwa ndiyo iliyoenea zaidi kwenye stesheneri na studio za picha. GIMP na Photopea, programu nyingine za kazi hiyo hiyo, zina sehemu yao mbele. Majina ya menyu tumeyaacha kama yanavyosomeka kwenye skrini.

Jaribio la dakika moja

Kabla ya kugusa mpangilio wowote, fungua faili jipya kwa Ctrl + N. Upana weka pikseli (vidoti vinavyounda picha) 1500, urefu 2100, Resolution 300, Color Mode iwe RGB Color ya 8 bit, chini kuwe kweupe. Bonyeza B kuchukua brashi, kisha D ili rangi irudi nyeusi. Juu kabisa hakikisha Mode ni Normal, Opacity 100%, Flow 100%. Chagua brashi inayokusumbua, bofya mara moja katikati. Bofya tu, usiburute.

Ikigonga vizuri hapo, brashi haina kosa: kosa liko kwenye kazi uliyokuwa unaifanya. Ikigoma hata hapo, au ikatoa uchafu, kosa liko kwenye brashi au mipangilio yake. Jaribio hili usiliruke. Watu hupoteza saa nzima wakipakua brashi nyingine kumi ilhali tatizo lilikuwa leya (tabaka la kazi) iliyofungwa.

Inagonga kwenye karatasi mpya, kwenye kazi yako haigongi

Sababu inayojirudia kuliko zote ni eneo lililochaguliwa na kusahaulika. Ukizungushia uso wa bibi harusi ili kuusafisha, kisha ukaficha vile vimstari vinavyotembea kwa Ctrl + H, Photoshop bado inakumbuka kwamba kazi iishie ndani ya uso. Unagonga ua kwenye kona ya kadi, kimya. Bonyeza Ctrl + D, gonga tena. Wakati mwingine kilichochaguliwa ni kipande kidogo sana cha pikseli chache ambacho jicho halikioni, kwa hiyo usibishane na macho yako: Ctrl + D ibonyeze hata kama huoni kitu.

La pili ni aina ya leya uliyosimama juu yake. Kama ni leya ya maandishi, Photoshop itakuuliza kama igeuzwe kuwa picha kwanza. Kataa. Ukikubali, majina hayahaririki tena, na kadi ya harusi isiyobadilishwa tahajia ya jina la ukoo baada ya mjomba kuisoma ni nadra. Kama picha uliiburuta kutoka kwenye folda moja kwa moja hadi kwenye kazi, mara nyingi inaingia kama Smart Object, ina alama ndogo kwenye kona ya kijipicha chake, na brashi haiikubali. Tiba ya yote mawili ni ile ile: Ctrl + Shift + Alt + N, leya mpya tupu inakaa juu, unagonga humo. Kama unataka maua yaishie ndani ya picha tu, yasivuke ukingo, ukiwa kwenye hiyo leya mpya bonyeza Ctrl + Alt + G.

Hapa tuseme wazi: kila nakshi iwe na leya yake. Kona ya juu leya yake, kona ya chini leya yake, kivuli cha nyuma leya yake. Aliyegonga kila kitu juu ya picha yenyewe hana cha kusogeza mteja akisema ua limemfunika shangazi.

Ukiona brashi inatoa kijivu wakati umechagua nyekundu, tazama paneli ya leya. Huenda umesimama kwenye maski, kile kisanduku cha pili kilicho pembeni ya kijipicha, na maski haijui rangi nyingine zaidi ya nyeusi, nyeupe na kijivu. Bofya kijipicha cha picha chenyewe, rangi zitarudi. Ikitoa wekundu unaopitisha mwanga, umebonyeza Q bila kujua, ibonyeze tena. Na kama kila rangi unayochagua inabadilika kidogo au leya mpya haikubali kufunguka, nenda Image > Mode. Picha za GIF na baadhi ya PNG hufunguka kama Indexed Color. Weka RGB Color, endelea.

Kuna kosa moja linalowapata wenye haraka. Umechukua brashi, lakini akili yako ilikuwa kwenye maandishi, ukaandika tarehe ya sherehe: 12. Hakuna kilichoandikwa. Ukigonga nakshi inatoka hafifu mno, au huioni kabisa. Ni kwamba ukiwa na brashi mkononi, namba za kibodi hubadilisha Opacity: 5 ni 50%, 12 ni 12%, na 0 inarudisha 100%. Ukishikilia Shift, zinabadilisha Flow. Kwa hiyo nakshi ikififia ghafla, bonyeza 0, halafu Shift + 0.

Mode nayo huteleza. Shift pamoja na alama ya kujumlisha au kutoa inazungusha Mode moja hadi nyingine, na mojawapo inaitwa Clear, ambayo inafuta badala ya kugonga. Ukiona ua linatoboa picha, ndiyo hiyo. Shift + Alt + N inarudisha Normal.

Mwisho kwa upande wa karatasi ni rangi yenyewe. Picha za maharusi zinazopigwa Kibirizi jioni zina tabia yake: jua linazama ziwani, anga limewaka, maharusi na mchanga wamekuwa weusi. Nakshi nyeupe juu ya anga hilo inapotea, na nyeusi chini inapotea vilevile. Brashi imegonga, ila huioni. Zima kwa muda leya ya picha kwa kubofya kijicho chake, na nakshi itajitokeza. Kisha badilisha rangi, au weka chini ya nakshi leya ya rangi moja yenye Opacity ya 40% hivi ili ipate pa kusimama.

Duara la brashi limepotea, imebaki alama ya msalaba

Caps Lock imewashwa. Izime. Kama bado, Ctrl + K, ingia Cursors, chagua Full Size Brush Tip. Na kama brashi ni kubwa kuliko eneo unaloliona kwenye skrini, ukingo wake uko nje. Punguza kwa kitufe cha mabano ya mraba ya kushoto.

Faili linakataa kufunguka, au brashi haionekani kwenye orodha

Faili la brashi za Photoshop huishia na .abr. Ulichopakua kikiwa ZIP au RAR, kikunjue kwanza. Photoshop haiingii ndani ya furushi. Ndani ya furushi hilo mara nyingi kuna ndugu wengine: .pat ni michoro ya kurudiarudia, .csh ni maumbo, .asl ni mitindo ya leya, .tpl ni zana zilizopangwa tayari. Faili la .tpl ukilifungua halionekani kwenye brashi kwa sababu linakaa Window > Tool Presets. Watu wengi wamelitupa wakidhani ni bovu. Na kama kinachoitwa brashi kinaishia na .exe, usikifungue kabisa: brashi haihitaji kusakinishwa.

Kulipakia, kwa Photoshop ya CC 2018 kwenda mbele fungua Window > Brushes, ingia kwenye menyu ya paneli, chagua Import Brushes. Matoleo ya nyuma yanaandika Load Brushes. Tahadhari kwa hao wa matoleo ya nyuma: ukichagua seti kutoka kwenye orodha iliyo chini ya menyu hiyo, unaulizwa OK au Append. OK inaondoa brashi zote zilizokuwepo na kuweka hizo mpya. Append ndiyo inayoongeza. Brashi zilizopotea kwa njia hii hazijafutwa kwenye diski kama ulikuwa na faili lake, zipakie tena. Zile za kawaida zinarudi kwa Reset Brushes.

Ujumbe kwamba faili haliendani na toleo lako la Photoshop una maana mbili. Ama brashi imehifadhiwa na toleo jipya kuliko lako, ama faili limekatika njiani. Linganisha ukubwa wa faili na ule ulioandikwa mahali ulipolipakua; likipungua, bando liliisha katikati, pakua upya. Likiwa sawa, mwombe mwenye toleo jipya akupe maumbo yenyewe kama PNG, uchonge brashi mwenyewe kwa njia iliyo hapa chini. Ni kazi ya dakika tano kwa umbo moja, na unapata ukubwa unaoutaka.

Flashi nayo ina yake. Ikipita kwenye kompyuta yenye virusi, folda ya brashi inageuka kuwa shotikati, na ukiibofya haiendi popote. Mara nyingi mafaili yapo, yamefichwa tu. Kwenye dirisha la mafaili washa Hidden items upande wa View, nakili yale ya .abr tu, kisha safisha flashi. Zile shotikati usizibofye.

Brashi zilikuwepo jana, leo hazipo

Hili linatokana na umeme zaidi kuliko programu. Photoshop huandika kumbukumbu ya brashi ulizopakia na ulizochonga wakati unapoifunga vizuri. Umeme ukikatika kabla hujaifunga, na kompyuta ni ya mezani isiyo na UPS, kumbukumbu ya siku hiyo inaondoka nao. Kazi yako ya kadi umeihifadhi, lakini brashi tano ulizochonga asubuhi hazipo.

Dawa ni kuzitoa ziwe faili mara tu unapozichonga. Chagua brashi kwenye paneli, menyu, Export Selected Brushes, au Save Brushes kwa matoleo ya zamani. Nakala moja ikae kwenye diski, nyingine kwenye flashi. Njia fupi ya pili ni kuifunga Photoshop na kuifungua tena baada ya kupakia seti mpya. Fanya hivyo kabla ya kuanza kazi ya mteja, siyo jioni. Na kabla ya kurudisha mipangilio ya Photoshop kwenye hali ya mwanzo, ile ya kushikilia Ctrl + Alt + Shift inapowaka, hakikisha brashi zako umeshazitoa.

Nakshi ina ukungu, au kingo zake zimekatika ngazi ngazi

Hapa ndipo kadi nyingi zinapoharibikia, na skrini haikuonyeshi kosa mpaka karatasi itoke kwenye printa.

Brashi ina idadi yake ya pikseli tangu ilipochongwa. Brashi ya pikseli 300, kwenye kadi ya Resolution 300, ni inchi moja kamili, yaani sentimita 2.54. Ukiivuta mpaka pikseli 1500 ili ijaze upana wa kadi ya inchi 5, programu inabuni pikseli ambazo hazikuwepo, na ukungu ndio matokeo ya huko kubuni. Kupunguza brashi hakuna neno. Kuikuza ndiko kunakoharibu. Kujua ukubwa wake wa asili, bofya kulia kwenye kazi ukiwa na brashi, na karibu na neno Size utaona kishale cha kuirudisha kwenye ukubwa wake. Kibonyeze, soma namba. Ikiwa chini ya unachohitaji, tafuta brashi nyingine.

Hesabu ya kile unachohitaji ni rahisi. A4 kwa Resolution 300 ni pikseli 2480 kwa 3508. A5, ambayo ndiyo kadi ya A4 iliyokatwa katikati, ni 1748 kwa 2480. Picha ya inchi 4 kwa 6 ni 1200 kwa 1800. Nakshi ya kona ikichukua theluthi ya upana wa A5, inatosha brashi ya pikseli 600. Nakshi ya kupita juu yote ya A4 inadai 2480. Photoshop hadi CS5 haikubali brashi iliyozidi pikseli 2500. Kuanzia CS6 inakubali hadi 5000. Kwa hiyo bango la flexi la mita moja na kuendelea usilipambe kwa brashi. Tumia maumbo ya .csh kupitia zana ya Custom Shape, ambayo yanakua bila kupoteza ukali.

Kingo zikiwa za ngazi ngazi na siyo za ukungu, tazama kama umeshika Pencil badala ya Brush. Zote mbili zinaitwa na B, na Shift + B inazibadilisha. Pencil hailainishi kingo. Kama ni Brush kweli, basi kuza mwonekano uwe 100% kwa Ctrl + 1 kabla ya kuhukumu, kwani kwenye 33% au 66% skrini huonyesha ukatikaji ambao haupo.

Na kiolezo cha kadi kilichokuja kwa WhatsApp kama picha tayari kimepunguzwa pikseli na ubora. Nakshi yako kali itakaa juu ya karatasi iliyofifia, na lawama itaangukia brashi. Mwambie aliyekutumia akitume upya kama dokumenti.

Brashi uliyochonga mwenyewe inagonga kisanduku cha kijivu

Hili tulikalie, maana brashi nzuri kuliko zote ni zile unazochonga mwenyewe kutoka vitu vya hapa. Chukua mfano wa kuti la mchikichi, ambao Kigoma haukosekani. Umbo lake, mgongo mmoja na vijani vyembamba pande mbili, linakaa vizuri sana pembeni mwa kadi, na halipo kwenye seti za maua ya waridi ambazo kila mtu anazo.

Kata ncha ya kuti, kiasi cha sentimita 40. Ilaze juu ya manila nyeupe, kivulini, mahali penye mwanga uliosambaa. Juani kila kijani kitakuwa na kivuli chake kikali, na brashi itakichonga nacho kama sehemu ya jani. Vijani vinavyopandana vitenganishe kwa mkono. Piga picha ukiwa juu yake wima.

Fungua picha, kata kwa Crop ibaki kuti na ukingo mdogo tu, kisha Ctrl + Shift + U iondoe rangi. Sasa fungua paneli ya Info kwa F8 na upeleke mausi juu ya manila. Utaona namba karibu 205 au 240, siyo 255. Macho yanasema nyeupe. Photoshop inasema kijivu. Kwenye brashi, 255 haigongi kitu na 0 inagonga kikamilifu, na kila kilicho katikati kinagonga kiasi chake. Manila iliyobaki kwenye 240 itagonga kwa karibu 6%. Ndicho hicho kisanduku hafifu kinachozunguka jani lako, ambacho kwenye skrini kinakwepa macho na kwenye karatasi kinaonekana kama doa la mafuta.

Bonyeza Ctrl + L. Vuta kishale cheupe cha kulia kuelekea kushoto mpaka Info isome 255 pande zote za manila. Kisha tazama jani: mara nyingi linasoma kama 110, ambayo ingetoa nakshi ya 57% tu, imepauka hata ukiweka Opacity 100%. Vuta kishale cheusi kuelekea kulia mpaka mgongo wa kuti usome chini ya 15, lakini mistari ya ndani ya vijani ibaki ikionekana. Hapa usiwe na pupa. Ukivuta sana, kuti linakuwa bonge jeusi lisilo na uhai. Kivuli kilichobaki pembezoni kipake brashi nyeupe ngumu.

Punguza ukubwa kwa Image > Image Size hadi upande mrefu uwe 2000, kisha Edit > Define Brush Preset. Kwenye jina andika na ukubwa: kuti-mchikichi-2000. Baada ya miezi sita utashukuru kwamba namba iko pale. Halafu itoe iwe .abr hapo hapo, kwa sababu zilizoelezwa juu.

Define Brush Preset ikiwa imefifia na haibofyeki, picha imezidi kikomo cha pikseli cha toleo lako, au eneo ulilochagua halina kitu. Na brashi ikigonga kinyume, yaani kisanduku kimejaa rangi na jani ni tundu, picha ilikuwa nyeupe juu ya nyeusi. Rudi kwenye picha, Ctrl + I, chonga upya.

Usishangae kwamba kuti lilikuwa la kijani na brashi inagonga nyeusi au rangi yoyote uliyoweka. Umbo la brashi ya Photoshop halihifadhi rangi. Anayetaka nakshi ya rangi tatu agonge vipande vitatu kwenye leya tatu, au aweke PNG yenyewe badala ya brashi.

Badala ya ua moja, umepata msururu uliobanana

Umeburuta. Bofya na uachie. Kama kusudi lako ni ukingo wa kurudiarudia, tatizo ni Spacing, ambayo kwa kawaida inakuja ikiwa 25%, yaani kila ua linapanda juu ya lililotangulia. Fungua F5, Brush Tip Shape, ipandishe.

Ukingo wa nakshi ya kitenge unavyopangwa kwenye kadi yenye upana wa pikseli 1500: nakshi iwe ya mraba, Size 150, Spacing 100%. Zinaingia 10. Ya kwanza bofya katikati yake, pikseli 75 kutoka ukingo wa kushoto, kisha shikilia Shift na ubofye pikseli 1430 kwa urefu ule ule kutoka juu. Nakshi ya kumi inatua kwenye 1425. Ukibofya 1420, ya kumi haitatokea kabisa, kwa kuwa mstari uliishia kabla ya zamu yake, na watu hudhani brashi imekwama. Washa rula kwa Ctrl + R, bofya kulia juu yake uchague Pixels, uvute mistari ya mwongozo kabla ya kuanza.

Majani yakitakiwa kufuata mzunguko wa ukingo badala ya kutazama upande mmoja, ingia Shape Dynamics, chini ya Angle Jitter weka Control iwe Direction.

Brashi inajigeuza, inatawanyika, inabadilika rangi

Aliyeichonga aliifunga na mipangilio hiyo. F5, ondoa tiki kwenye Shape Dynamics, Scattering, Color Dynamics na Transfer, moja moja huku ukigonga, mpaka umjue mkosaji. Ikianza kubwa ikaendelea kupungua hadi kutoweka, Control yake ni Fade, weka Off. Kipembe chenye alama ya mshangao pembeni ya Pen Pressure kinakuambia kwamba mpangilio huo unasubiri kalamu ya kidijitali nawe unatumia mausi. Weka Off pia.

Kama vurugu hiyo inafuata kila brashi unayochagua, tazama vikufuli vidogo vilivyo kulia mwa majina hayo. Kilichofungwa kinahamisha mpangilio kutoka brashi moja hadi nyingine. Vifungue vyote. Ukiona umechanganyikiwa, bofya kulia kwenye picha ya brashi iliyo juu kushoto, Reset Tool, uanze upya.

Mashine inasuasua kila ukigonga

Brashi ya pikseli 4000 na Spacing ya 1% itailaza kompyuta ya RAM 4 GB. Pandisha Spacing, na kwa kazi ya kugonga tu weka Smoothing 0%. Ujumbe wa scratch disk maana yake diski imejaa. Hamisha zile video za harusi za mwaka jana.

Kwa wanaotumia GIMP na Photopea

GIMP inasoma .abr, ila inachukua umbo tu; mipangilio ya kutawanya na kugeuza haiji. Faili liweke kwenye folda inayotajwa na Edit > Preferences > Folders > Brushes, kisha bonyeza kitufe cha kuonyesha upya kwenye paneli ya brashi. Dalili ya GIMP inayowasumbua wengi ni nakshi kukatika ghafla kama imepigwa kisu. Leya ni ndogo kuliko kadi. Tazama mstari wa vidoti vya njano unaoizunguka. Layer > Layer to Image Size. Kuondoa eneo lililochaguliwa huko ni Ctrl + Shift + A. Ukichonga brashi ukaona haifuati rangi unayoweka, ilihifadhiwa na rangi zake: Image > Mode > Grayscale, Layer > Transparency > Remove Alpha Channel, ndipo uitoe kwa File > Export As ikiishia na .gbr.

Photopea inafunguka ndani ya kivinjari na kupokea .abr ukiliburuta ndani. Brashi zinakaa kwenye kivinjari hicho, hivyo anayesafisha data za kivinjari anazisafisha nazo. Faili lako la .abr lisikae mbali.

Kwenye skrini ipo, kwenye karatasi haipo

Nakshi ya kivuli nyuma ya majina ikiwekwa chini ya 10%, printa nyingi za wino zinaimeza, hasa kwenye manila ya rangi ya maziwa. Ianzie 15%, isizidi 25% majina yasije yakasomeka kwa shida. Kiwango hicho rekebisha kwenye Opacity ya leya, siyo ya brashi, ili baada ya karatasi ya majaribio uweze kupandisha au kushusha bila kugonga upya.

Dhahabu nayo: gonga nakshi kwenye leya yake, bofya leya mara mbili, Gradient Overlay, anza na #7A5A12, katikati #F3DC8A, malizia #B08A2E. Kwenye skrini itang'aa. Kwenye karatasi itatoka hudhurungi yenye njano, kwa kuwa wino wa kawaida hauna chembe za chuma. Mteja aonyeshwe karatasi ya majaribio kabla ya kuchapa kadi 200, na anayetaka mng'ao wenyewe aelezwe gharama ya foili siku hiyo hiyo anapolipa kianzio.